Ganzi ya Mkono: Haraka Iwe Katika Maandalizi, Isiwe Katika Kisu

Askari huishi kwa mikono yake. Kwa mikono hushika bunduki, hufunga hema, huandika taarifa ya doria, humtia mhalifu pingu na humwinua mwenzake aliyeanguka. Mkono huo huo ndio hutangulia mbele ya mwili saa ya hatari. Polisi anayelikinga panga lisimfikie kichwani hulikinga kwa kigasha, yaani sehemu iliyo kati ya kisukusuku na kifundo cha mkono. Fundi wa magari ya jeshi hupondwa vidole na chuma. Mpiganaji aliye katika msafara hupata risasi au kipande cha bomu kiganjani. Aghalabu majeraha ya namna hii hayaui, lakini yakicheleweshwa au yakitibiwa vibaya humwacha kijana mwenye nguvu zake na vidole visivyokunjika, asiweze tena kuvuta kifyatulio wala kushika jembe atakapostaafu.

Kwa sababu hiyo twapenda leo kulizungumza jambo ambalo kwa kawaida huachiwa waganga peke yao, nalo ni ganzi ya mkono, na namna ya kupunguza muda unaopotea katika kuingojea. Hatukusudii kuwafundisha madaktari kazi yao. Tunakusudia kuonyesha kwamba katika shughuli hii kamanda, dereva wa gari la wagonjwa, mhudumu wa kwanza na majeruhi mwenyewe wana sehemu yao.

Mkono uliojeruhiwa waweza kupasuliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni nusukaputi, ambapo mgonjwa hulazwa usingizi mzito asijue lolote. Ya pili ni ganzi ya neva, ambapo dawa hudungwa karibu na neva zinazohudumia mkono, nao mkono hulala huku mwenyewe yu macho. Zote mbili zina mahali pake. Lakini askari aliyejeruhiwa hakuchagua saa ya kujeruhiwa. Huenda alikuwa amekula posho na maharage muda mfupi uliopita, na mtu aliye katika usingizi wa nusukaputi aweza kucheua chakula kikaingia mapafuni, jambo ambalo huweza kuua. Aliyetiwa ganzi ya mkono huendelea kuvuta pumzi mwenyewe, hujibu anapoulizwa, na baada ya upasuaji hukaa saa kadhaa bila maumivu makali. Katika nchi yetu ya Uganda, ambako sehemu kubwa ya kazi ya nusukaputi hufanywa na maofisa tabibu wachache waliofunzwa fani hiyo, faida kama hizo si ndogo.

Ikiwa ni hivyo, mbona ganzi haitumiwi kila mara inapofaa? Sababu mojawapo kubwa ni saa ya ukutani. Mgonjwa amekwisha lazwa mezani, mpasuaji amekwisha nawa na kuvaa, vyombo vimepangwa, nayo dawa iliyodungwa bado haijakolea. Dakika 10 zapita, kisha 20, kisha 30. Nje kuna majeruhi wengine. Hapo ndipo hutokea moja kati ya mambo mawili mabaya: ama ganzi huachwa na mgonjwa hulazwa usingizi ambao hakuuhitaji, ama kisu huanza kazi kabla ya mkono kulala. Wahenga walitwachia maneno mawili yanayoonekana kupingana. Walisema haraka haraka haina baraka, na walisema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika jambo hili yote mawili ni kweli, na kazi yetu ni kujua lipi ni la wapi.

Hapo kale haraka ya kisu ndiyo ilikuwa huruma pekee ya mpasuaji. Larrey, daktari mkuu wa majeshi ya Napoleon, alisifika kwa kukata mguu au mkono kwa muda wa dakika chache tu, kwa maana askari alikuwa anahisi kila pigo. Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, Marekani, mvuke wa etha ulionyeshwa hadharani kuwa unaweza kumlaza mgonjwa, na tangu hapo mpasuaji hakulazimika tena kushindana na mayowe. Mwaka 1884 Carl Koller wa Vienna alionyesha kwamba kokaini hulitia jicho ganzi, na muda si mrefu William Halsted na wenzake huko Marekani wakaidunga dawa hiyo karibu na neva. Halsted mwenyewe alinaswa na ulevi wa dawa hiyo kwa kujijaribia. Dawa zilizo salama zaidi zilikuja baadaye: lignokaini ilitengenezwa nchini Sweden mwaka 1943, na bupivakaini mwaka 1957. Kwa hiyo leo mpasuaji hana tena udhuru wa kukimbiza kisu. Haraka yapasa ihamie mahali pengine.

Ili kulielewa hilo, ni vema kujua kwa nini ganzi huchelewa. Neva zinazouhudumia mkono hutoka katika mizizi mitano, minne ya shingoni na mmoja wa sehemu ya juu kabisa ya kifua. Mizizi hiyo huungana na kugawanyika kama nywele zinazosukwa, hupita juu ya ubavu wa kwanza na chini ya mtulinga, kisha huingia kwapani na kushuka hadi vidoleni. Ndugu zetu wa Polisi wataufahamu mpango huu upesi. Badala ya kuweka mlinzi katika kila nyumba ya mji, huwekwa kizuizi kimoja katika barabara kuu. Habari za maumivu zinazotoka vidoleni hukomea hapo, zisiufikie ubongo.

Lakini neva kubwa ni kamba nene iliyofungwa kwa maganda, na dawa hudungwa nje yake. Hupenya polepole kuelekea ndani. Kwa kawaida nyuzi za pembeni ndizo zinazohudumia mkono wa juu, na zile za katikati ndizo ziendazo kiganjani na vidoleni. Ndiyo maana mgonjwa huweza kushindwa kuinua mkono wake hali vidole vyake vingali vinahisi sindano. Anayetazama kwa mbali hudhani ganzi imekamilika, kumbe sehemu itakayopasuliwa ndiyo inayolala mwisho. Lignokaini huhitaji takriban dakika 10 hadi 20 kukolea katika neva hizo. Bupivakaini huhitaji 20 hadi 30, na mara nyingine zaidi, lakini fadhila yake ni kudumu kwa saa nyingi.

Wataalamu wamejaribu njia kadhaa za kuufupisha muda huo, na kila njia ina bei yake. Ya kwanza ni kuchanganya dawa ya haraka na dawa ya kudumu. Ganzi huja mapema kidogo, lakini huondoka mapema pia, na sumu za dawa hizo mbili hujumlishana. Asidhani mtu kwamba nusu ya hii na nusu ya ile ni salama kwa sababu kila moja ni nusu. Ya pili ni kutia sodiamu baikaboneti, ambayo ni jamaa ya magadi tunayotia katika maharage yaive upesi. Dawa ya ganzi huwekwa chupani katika hali ya uchachu, hasa ile iliyochanganywa na adrenalini kiwandani, na katika uchachu sehemu ndogo tu ya dawa ndiyo iliyo tayari kupenya ganda la neva. Baikaboneti hupunguza uchachu huo. Katika uchunguzi mwingine njia hii imeokoa dakika chache, na katika mwingine haikuleta tofauti kubwa. Kwa bupivakaini yataka uangalifu zaidi, kwani baikaboneti ikizidi dawa hugeuka chembechembe na haifai tena.

Ya tatu ni kuchagua mahali pa kudunga. Juu ya mtulinga neva zimebanana pamoja, hivyo ganzi huenea upesi na kuushika mkono wote. Lakini pafu liko jirani, na sindano iliyopotea huweza kulitoboa. Kwapani pafu liko mbali, lakini neva zimekwisha tawanyika na moja huweza kukosa dawa. Ya nne ni mashine ya ultrasaundi. Mwaka 1994 madaktari wa Vienna walichapisha habari za kutumia picha zake kuongoza ganzi ya juu ya mtulinga. Mtaalamu huiona neva, huiona mishipa ya damu, huliona pafu, na huiona dawa ikiizunguka neva. Njia hii hupunguza muda wa kutafuta neva kwa kubahatisha, hupunguza kiasi cha dawa kinachohitajika, na hupunguza hatari ya kuuchoma mshipa wa damu.

Ya tano ni ya zamani kuliko zote hizo. Mwaka 1908 daktari Mjerumani, August Bier, alieleza namna ya kuutia mkono ganzi kwa kupitia mshipa wa damu. Mkono huinuliwa, damu husukumwa itoke, mkanda wa hewa hufungwa kwa nguvu juu ya mkono, kisha dawa hutiwa katika mshipa ulio chini ya mkanda. Kwa dakika 5 hadi 10 mkono hulala. Kwa upasuaji mfupi usiozidi takriban saa moja hakuna njia iliyo nyepesi kuishinda. Lakini mkanda huo ndio mlango wa boma. Ukilegea mapema, dawa yote hukimbilia moyoni na kwenye ubongo. Kwa hiyo haufunguliwi kabla ya dakika 20 kupita tangu dawa kutiwa, hata kama upasuaji umemalizika. Aidha, bupivakaini haitumiwi kabisa katika njia hii, kwa kuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliripotiwa nchini Uingereza kuwa imeua wagonjwa.

Hizo ndizo njia za chupa na za sindano. Zina manufaa, lakini zikikusanywa zote hazifikii faida ya njia moja isiyouzwa na kiwanda chochote, yaani mpango mzuri wa kazi. Tufanye hesabu nyepesi. Majeruhi wanne wa mikono wakipangwa kupasuliwa siku moja, na kila mmoja akadungwa akiwa tayari juu ya meza na kungojewa kwa dakika 30, chumba cha upasuaji kitakuwa kimekaa saa mbili nzima bila kazi. Lakini wakiwa na chumba cha kando, chenye kitanda, oksijeni, vifaa vya kupima pumzi na mapigo ya moyo, na mtu aliyefunzwa wa kuwaangalia, basi wa pili hudungwa wakati wa kwanza anapasuliwa. Dawa huchukua dakika zake zile zile, naye mpasuaji hangoji hata moja. Jeshi linaijua kanuni hii tangu zamani, kwani hakuna kamanda anayengoja kikosi cha kwanza kirudi ndipo akiamuru cha pili kianze kufunga viatu.

Sharti lake ni kwamba awepo mtu wa pili. Mgonjwa aliyedungwa ganzi haachwi peke yake ukumbini. Mtaalamu mmoja hawezi kumlinda aliye mezani na aliye chumba cha kando kwa wakati mmoja, na kidole kimoja hakivunji chawa. Hospitali isiyo na mtu wa pili ni heri ingoje kuliko kumwacha mgonjwa bila mlinzi.

Sasa tuseme mahali ambapo haraka imepigwa marufuku. Kwanza ni kiasi cha dawa. Miongozo mingi huweka lignokaini isiyo na adrenalini kuwa miligramu 3 tu kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70 hapaswi kuzidisha miligramu 210, ambazo ni mililita 21 za dawa ya asilimia 1. Mtaalamu anayeshinikizwa na kelele za mlangoni, akaongeza dozi kwa kuwa ya kwanza haijakolea, huenda akauvuka mpaka huo bila kukusudia. Dalili za dawa kuzidi katika damu ni ladha ya chuma mdomoni, midomo kufa ganzi, masikio kuvuma, kisha mwili kutetemeka kama mwenye kifafa, na mwishowe moyo kusimama. Kwa ajili hiyo dawa hudungwa kidogo kidogo, huku bomba likivutwa nyuma kila mara kuona kama kuna damu. Na kila mahali panapotiwa ganzi kubwa yapasa kuwepo mchanganyiko wa mafuta wa asilimia 20 unaotiwa mshipani, ambao tangu mwaka 2006 madaktari wameripoti kwamba umewarudisha wagonjwa ambao mioyo yao ilikuwa imesimama.

Pili ni kipimo. Kabla ya kudunga, mkono hupimwa kidole kwa kidole: je, kinahisi, kinakunjika, kinanyooka? Matokeo huandikwa. Asipofanya hivyo, hakuna atakayejua kesho kama neva ilikatwa na panga au imelazwa na dawa. Na baada ya kudunga, kila sehemu itakayokatwa hupimwa tena kabla ya kisu. Tatu ni ule uvimbe wa hatari ndani ya misuli ya kigasha, hasa mfupa unapovunjika au mkono unapopondwa. Maumivu yanayozidi kila saa ndiyo kengele yake, na ganzi ya muda mrefu huweza kuinyamazisha kengele hiyo hadi misuli ife. Daktari akikataa kumpa majeruhi wa namna hiyo ganzi ya kudumu, asilaumiwe kwamba hana huruma.

Ndugu wapiganaji, sehemu yenu ni hii. Mwenzenu akijeruhiwa mkono, mvueni pete na saa mara moja kabla vidole havijavimba. Ukifungwa mkanda wa kuzuia damu, iandikeni saa uliofungwa mahali inapoonekana. Silaha yake ikabidhiwe kwa mwenzake kabla hajapanda gari. Asipewe chakula wala pombe njiani, kwa maana ganzi huweza kushindwa na usingizi ukahitajika. Kamanda atangulize habari kwa redio au simu: ni majeruhi wangapi, mkono gani, saa ngapi walikula mara ya mwisho. Dakika 30 za hospitali huweza kuokolewa na ujumbe wa nusu dakika kutoka barabarani.

Ukilazwa wewe mwenyewe, mweleze mtaalamu dawa zinazokudhuru na maradhi uliyo nayo. Na atakapokugusa kwa sindano na kuuliza kama unahisi, jibu ukweli. Tumelelewa kambini kuvumilia maumivu bila kulalamika, nayo ni sifa njema vitani. Mezani sifa hiyo ni kosa. Askari anayesema hahisi hali anahisi humdanganya daktari wake, kisha hutikisika kisu kinapoingia, na mshipa usiohusika hukatwa. Kusema «bado, afande, nahisi» ni wajibu. Baada ya upasuaji mkono ungali umelala. Utundikwe kwa kitambaa shingoni, usiwekwe karibu na moto wala sufuria, wala usishike usukani au bunduki hadi nguvu zitakaporudi. Vidonge vya maumivu vimezwe kabla ganzi haijaisha.

Mwezi Oktoba 2003, nchini Irak, madaktari wa jeshi la Marekani walimtia askari aliyejeruhiwa mguu ganzi ya neva kwa mipira myembamba iliyoachwa mwilini, naye akasafirishwa hivyo mpaka hospitali za mbali. Majeshi yetu nayo, tangu yalipoingia Mogadishu mwezi Machi 2007, yamejifunza kwamba safari ya majeruhi yaweza kuwa ndefu na ya mateso. Elimu ya ganzi basi ni sehemu ya utayari wa jeshi kama ilivyo elimu ya ramani.

Tunawaomba wakuu wanaohusika na afya ya majeshi na Polisi waitazame hospitali moja moja na kuuliza maswali machache. Je, kuna chumba cha kando cha kutilia ganzi? Je, kuna mtu wa pili wa kumlinda mgonjwa? Je, mashine ya ultrasaundi iliyopo hutumiwa kwa kazi hii, au imefungiwa kwa kazi nyingine peke yake? Je, mafuta ya kuokoa moyo yamo kabatini, na tarehe yake haijapita? Jibu la swali la kwanza halihitaji fedha nyingi kama wengi wanavyodhani, kwani mara nyingi huhitaji chumba kilichojaa makabati mabovu kisafishwe.

Dawa haiamriwi kwa mluzi, na neva haina cheo cha kutii. Dakika zake tumpe. Zile tunazozipoteza sisi wenyewe, kwa kutotoa habari, kwa kutopanga, na kwa kungojana milangoni, ndizo tunazoweza kuzifuta kuanzia leo, ili askari aliyeitoa mikono yake kwa ajili ya nchi arudishiwe mikono inayofanya kazi.